Uchaguzi wa Mwenye Shughuli: Khabari za Dufu, Ngoma na Taarabu katika Arusi za Waislamu

Posa ikikubaliwa, mahari yakitajwa, na siku ya kufunga ndoa ikiwekwa, husalia katika nyumba ya arusi jambo moja ambalo wazee huliona dogo mpaka linapowagombanisha: siku hiyo kitapigwa nini? Mjomba wa bibi arusi ataka dufu na kasida, wala hataki zaidi. Mashangazi wamekwisha kumwendea mkuu wa kikundi cha taarabu na kumpa arubuni. Bwana arusi mwenyewe, aliyezoea mambo ya mjini, amekubaliana na rafiki zake kuleta mashine ya muziki na spika mbili. Na kila mmoja wao hudai kwamba lake ndilo la wazee.

Madai hayo yastahili kupimwa kwa khabari zenyewe. Desturi za arusi za Waislamu wa Maniema, wa Burundi, wa Rwanda na wa Uganda zimetoka Pwani kwa sehemu kubwa, na khabari za Pwani zaonyesha jambo ambalo husahauliwa katika ugomvi huo. Wazee hawakuchagua burudani moja ya arusi. Walichagua nyingi, na kila moja iliwekewa saa yake, mahali pake na watu wake.

Kwanza litazamwe shina la maneno. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa khabari ya Bibi Aisha alipomsindikiza mwanamke mmoja kwa mumewe aliyekuwa katika Ansari, na Mtume (s.a.w.) akauliza kama hawakuwa na burudani yo yote, kwa kuwa Ansari ni watu waipendao. Imepokewa tena khabari ya Rubayyi binti Muawwidh: Mtume aliingia katika arusi yake, na vijana wa kike walikuwa wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa Badri. Mmoja wao akaingiza neno la kumsifu Mtume kwamba ayajua ya kesho. Mtume akamwambia aliache neno hilo na kurudia aliyokuwa akiyasema. Yafaa msomaji asimame kidogo hapo, maana dufu halikunyamazishwa. Lililokatazwa ni neno. Wengi wanaoshindana leo juu ya chombo gani kipigwe hawaulizi hata kidogo ni maneno gani yatakayoimbwa.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, waliliruhusu dufu katika arusi. Ama udi na ala nyingine za nyuzi, kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu hayo ni ya kukataza. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya yake kitabu kizima juu ya kusikiliza, akapambanua mwimbaji, chombo, shairi, msikilizaji na wakati. Lakini hata yeye hakuzipitisha zile ala za nyuzi zilizokuwa alama ya vikao vya walevi. Kwa hiyo asemaye kwamba Uislamu haujui ngoma katika arusi ameacha hadithi zilizo wazi, na asemaye kwamba kila chombo kimepita kwa ruhusa ya dufu amewaruka wanavyuoni wake mwenyewe.

Pwani, hata hivyo, haikungoja kauli moja ishinde. Katika miji ya zamani ya Lamu na Pate uchaguzi wa burudani ulikuwa kwanza uchaguzi wa daraja. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu iliyofuliwa kwa shaba, zilipulizwa katika arusi za nyumba kubwa, na haki ya kupuliziwa siwa haikuwa ya kila mtu. Mtu angeweza kuwa na fedha ya kulisha mji mzima, asiipate. Aliyesikia mlio wa siwa alijua, kabla ya kuuliza, kwamba aoaye ni mwana wa waungwana wa mji. Usiku wa arusi hizo palichezwa gungu, na watu wa mashairi wakashindana kwa maneno ya fumbo. Wanaume walikuwa na kirumbizi chao, mchezo wa fimbo unaokwenda kwa zumari na ngoma, nje uwanjani. Wanawake walikuwa na vugo: walipita njiani usiku wakigonga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba. Watu wa vugo hawakuingia katika uwanja wa kirumbizi, wala watu wa kirumbizi hawakuufuata mwandamano wa vugo. Arusi ilikuwa moja, na vikao vyake vilikuwa vingi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika maandiko yake juu ya desturi za Waswahili yaliyopigwa chapa mwaka 1903, aliziandika arusi na ngoma za watu wa Mrima, na huko nako yaonekana kwamba kila ngoma ina wenyewe na wakati wake.

Dufu lenyewe, ambalo leo huonekana kama jambo lisilo na mabishano, nalo lilipata kubishaniwa. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akakaa Lamu, alianza kusomesha watu wasiokuwa na nasaba kubwa, pamoja na waliokuwa watumwa na watoto wao. Msikiti wa Riyadha ulikuwa makao ya kazi yake. Huko ilisomwa maulidi iliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seyun katika Hadhramaut, nayo ikaandamana na matari. Waungwana wa Lamu waliozoea kusoma Barzanji kwa utulivu walistuka sana kusikia matari yakilia msikitini. Baada ya miaka ilikuwa maulidi hiyo ndiyo iliyoifanya Lamu kujulikana, na watu husafiri kwa jahazi na kwa gari kwenda kuihudhuria. Anayesema leo kwamba nyumba yake ni ya heshima kwa kuwa imechagua matari peke yake, achagua jambo ambalo babu wa babu yake huenda alilikemea.

Unguja mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wazanzibari husimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, akampeleka Muhammad Ibrahim Cairo kujifunza kupiga kanuni, naye aliporudi akawafundisha wengine kwa ajili ya jumba la Sultani. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha Akhwani Safaa, wakaagiza vyombo na kujifunza nyimbo za Kiarabu. Muziki huo ulikuwa wa kukaa na kusikiliza. Wasikilizaji walivaa kanzu safi, walifukiziwa udi, na aliyependezwa alitikisa kichwa tu. Wenye arusi wa tabaka la juu waliutaka kwa sababu hiyo hiyo waliyoitaka siwa watu wa Pate: ulionyesha nyumba ni ya nani. Ya kwamba wengi hawakuyafahamu maneno ya Kiarabu halikuwa jambo la kuwazuia.

Aliyeyageuza hayo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika miaka ya 1880 au karibu nayo, katika nyumba ya watu wa shamba wenye asili ya utumwa, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuuza vyungu. Alipohamia mjini aliimba pamoja na wapigaji wanaume, na kazi yake kubwa aliifanya kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, sauti yao ikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Kwa upande wa arusi, kazi yake ilikuwa na matokeo makubwa: tangu hapo mwenye shughuli aliweza kualika taarabu ambayo bibi kizee aliyekaa jikoni aliyafahamu maneno yake yote. Lakini hapo pia ndipo lilipozaliwa tatizo la maneno. Wimbo wa Kiarabu usiofahamika haukumchoma mtu. Wimbo wa Kiswahili uliweza kumwacha jirani ameinama kwa haya mbele ya wageni wote.

Wale wasioweza kulipa taarabu kubwa walikuwa na kidumbaki. Ngoma mbili ndogo, fidla, vijiti vya mkwasa, na sanduku lililofungwa kamba ili litoe mlio mzito: hivyo ndivyo vyombo vyake. Watu watano au sita walitosha. Nyimbo zilichukuliwa katika zile zile za taarabu, zikaungwa moja kwa moja bila kupumzika, na wanawake wakacheza mpaka usiku mwingi. Waandishi wengi hukipita kidumbaki kwa maneno machache kwa kuwa hakina vyombo vya kung'aa. Huo ni upungufu, maana arusi nyingi za mitaa ya Ng'ambo hazikuimbiwa na Akhwani Safaa bali na sanduku hilo.

Jambo moja lafaa kusemwa waziwazi, nalo ni kwamba katika khabari hizi zote mchaguzi hasa hakuwa baba wa nyumba. Baba alilipa. Aliyechagua alikuwa mama, pamoja na dada zake, shoga zake na somo wa bibi arusi, kwa kuwa burudani kubwa ya arusi ilikuwa ya wanawake na ilifanyika penye wanawake. Mombasa vyama vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, na sare za nguo, navyo vilishindana kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Unguja palikuwa na vikundi vya taarabu vya wanawake vilivyojipa majina kama Royal Navy na Royal Air Force, majina ya vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya maneno. Mwanamke aliyetaka kumjibu mwenzake aliungoja ubeti unaofaa, akainuka na noti mkononi, akaenda polepole kumtunza mwimbaji huku amemwelekea yule amtakaye. Hakusema neno hata moja, na mtaa mzima ulijua.

Mashindano hayo yaligharimu. Kushindwa kuleta kikundi kilicholetwa na jirani kulihesabiwa aibu, na wako waliouza vitu vya dhahabu au kukopa ili wasionekane wameshindwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwanasihi Waislamu juu ya israfu na kuiga katika gazeti lake Sahifa la mwaka 1930, na mengi ya maandiko yake yakakusanywa mwaka 1944 katika kitabu Uwongozi. Nasaha ya namna hiyo ilisikiwa zaidi na wanaume walioisoma kuliko wanawake waliochagua, na hilo si ajabu, kwa kuwa wanawake wa wakati huo wengi hawakupewa nafasi ya kusomeshwa. Hata hivyo lelemama yalipungua sana katika miaka ya 1950 na 1960, si kwa kukatazwa tu, bali kwa kuwa mabinti waliokwenda shule walipata vyama vya namna nyingine.

Sasa khabari zifuatwe bara. Misafara ya karne ya kumi na tisa iliwafikisha Waungwana wa Pwani Tabora, Ujiji, na ng'ambo ya ziwa mpaka Nyangwe na Kasongo, ambako Tippu Tip alikuwa na makao yake. Katika Buganda, Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Watu wa msafara hawakuchukua kanuni wala siwa. Walichukua dufu, kwa kuwa ni jepesi na ngozi yake hupatikana po pote. Baadaye tarika ya Qadiriyya iliingia Ujiji, Burundi na Kongo ya mashariki pamoja na dhikiri yake, na katika Buganda matari ya Pwani yakawa mataali, ambayo mpaka leo ni burudani ya Waislamu wa huko katika maulidi na katika arusi. Hiyo ndiyo sababu dufu laonekana bara kuwa ndilo la asili: ndilo lililotangulia kufika.

Beni ilifika nyuma yake. Ilianza Pwani kwa kuiga bendi za askari, na katika vita vya 1914 hata 1918 askari na wapagazi waliieneza mbali, hata Kongo, kwa vyama vyake vya Marini na Arinoti. Wabelgiji waliwatenga Waswahili katika mitaa yao, ndiyo Buyenzi katika Bujumbura na Biryogo katika Kigali. Na katika mitaa iliyosongamana namna ile arusi ya mmoja ilikuwa arusi ya wote, apende asipende. Huko taarabu ilianza kusikiwa kwa santuri, na tangu miaka ya 1950 kwa redio, ndipo baadaye ikapigwa na wenyeji wenyewe. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Pwani mtu aliijua taarabu kwanza kama kikao, chenye mahali pake pa kukaa na adabu zake za kutunza. Bara wengi waliijua kwanza kama sauti itokayo katika sanduku, ambayo yaweza kuwekwa po pote na saa yo yote.

Katika miaka ya 1960 vikundi vya Tanga, kama Black Star alipoimba Shakila Said, vilitia gitaa la umeme na mapigo ya kuchezeka. Mombasa, Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa sauti za filamu za Kihindi, na Zein l'Abdin wa Lamu akaupiga udi kwa namna iliyowaridhisha hata wazee wagumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja taarabu ya kisasa ya vikundi kama East African Melody, iliyotegemea kinanda cha umeme. Hesabu yake ni rahisi kufahamika. Kikundi cha namna ya zamani kilikuwa na watu ishirini hata thelathini, wote wa kusafirishwa, kulishwa na kulazwa. Kikundi cha kinanda huingia katika gari moja. Mwenye shughuli wa Kigoma, Uvira au Bujumbura, ambaye asingeota kuleta wapigaji thelathini, aliweza sasa kuleta sita. Na ambaye hana hata ya hao sita, hukodi kijana mmoja mwenye mashine.

Lakini kilichobadilisha arusi kuliko kinanda ni vitu viwili visivyo vya muziki, yaani ukumbi na spika. Zamani dua na ndoa vilikuwa msikitini au barazani kwa wanaume, maulidi yalikuwa usiku wake, vugo lilikuwa njiani, na taarabu ya wanawake ilikuwa uani nyuma ya makuti au kitambaa. Imamu hakulazimika kusema neno juu ya taarabu, kwa sababu hakualikwa uani. Mashangazi hawakulazimika kuona haya, kwa sababu mjomba hakuwapo. Wazee hawakupatana juu ya hukumu ya udi; walipatana juu ya ukuta. Ukumbi wa kukodi umewakusanya wote kwa saa nne au tano katika chumba kimoja, na spika imepeleka sauti ya kikao hicho mpaka msikitini, na pengine mpaka kwenye matanga ya jirani. Watu waliokuwa na burudani nne sasa watakiwa kuchagua moja, na ndiyo maana wanagombana. Ugomvi huu hauonyeshi kwamba vijana wana dini kidogo kuliko wazee, ijapokuwa ndivyo unavyosemwa mara nyingi barazani. Waonyesha kwamba nyumba imepungua vyumba.

Ngazija, ambako arusi kubwa ya kimila ina siku nyingi na kila siku ina shughuli yake, twarabu bado ina usiku wake ulio mbali na majlisi ya wanavyuoni, na ubishi juu ya chombo ni mdogo kuliko ubishi juu ya gharama. Gharama za huko, kwa hakika, ni za kutisha, na si za kuigwa na mtu mwenye watoto wa kusomesha. Lakini mpango wa siku waweza kuazimwa bila ya kuazima gharama zake.

Nyumba nyingi zimekwisha kuanza kurudi kwenye ukuta kwa njia zao. Ndoa hufungwa msikitini asubuhi, na vijana wa madrasa hupiga dufu kumsindikiza bwana arusi. Walima huliwa mchana kwa kasida. Alasiri ukumbi huwa wa wanawake peke yao, na waimbaji na wapigaji hutafutwa wanawake. Penye kukosekana wapigaji, mashine huendeshwa na binti wa nyumba. Maneno ya nyimbo hutazamwa kabla na mama wa pande zote mbili, na wimbo wenye kumtaja mtu huondolewa. Spika huwekwa ndani, zikaelekezwa ndani, na kuzimwa kabla ya adhana ya magharibi. Kwa kuwa ukuta wa siku hizi hautobolewi na sauti tu, mlangoni huwekwa wanawake wawili wa makamo wenye kikapu na vipande vya karatasi vyenye namba. Kila mgeni hutoa simu yake, hupewa namba, na huichukua atokapo.